Popi haamki asubuhi: nimpe vidonge vya daktari au unga wa sokoni?

Mshauri mpendwa,

Salamu kutoka Uyole, Mbeya. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi na mume wangu. Watoto wameshajitegemea, nyumbani tumebaki sisi wawili, paka, na Popi. Popi ni mbwa chotara: baba yake Jemani (German Shepherd), mama yake mbwa wetu hawa wa kawaida. Ana miaka 10 sasa. Amelinda nyumba hii tangu binti yetu wa mwisho akiwa sekondari, na kwangu ni mtu wa nyumbani. Sioni aibu kusema hivyo, ingawa wapo watakaonicheka.

Tangu baridi ilipoanza mwaka huu, kila asubuhi ananitia huzuni. Zamani nikishika komeo la mlango wa nyuma alikuwa ameshafika. Sasa anainua kichwa tu, anatikisa mkia, halafu anaanza kujivuta. Miguu ya mbele inasimama, ya nyuma inatetemeka na kuteleza kwenye saruji. Akishainuka anatulia kwanza, mgongo ameukunja, ndipo anapiga hatua, tena fupi fupi. Jua likipanda anachangamka kidogo. Kiwiko cha kushoto nacho kilikuwa kimeota sugu kwa kulalia sakafu, na siku hizi sugu imepasuka, imekuwa kidonda.

Tulimwita daktari wa mifugo. Alimpima kwa utulivu, akawa anamkunja na kumkunjua miguu, na alipofika kwenye nyonga Popi alilia. Akasema ni baridi yabisi ya nyonga, na kwamba mbwa wenye damu ya Jemani huipata sana. Alimwandikia meloksikamu mara moja kwa siku baada ya chakula, akaniambia nimpunguze unene, kisha turudi baada ya wiki 2 apime damu aangalie figo na ini. Vidonge vilisaidia, siwezi kukataa. Ila hatujarudi, kwa sababu hapo katikati ushauri ulianza kumiminika.

Pale soko la Mwanjelwa muuza miti shamba aliniuzia unga, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni. Anasema unatibu viungo vya watu na vya wanyama, lakini ili ufanye kazi niache kabisa dawa za hospitali kwa kuwa zinagombana. Nilimuuliza ni mti gani, hakutaka kusema. Shemeji yangu anayefuga Mbarali anasema ng'ombe wao akichechemea humchoma nyonga kwa chuma cha moto, na yuko tayari kuja kutusaidia. Binti yangu aliyeko Uingereza anasema huko mbwa huchomwa zile sindano nyembamba za Kichina, na ametuma vidonge vitamu vya homiopathi. Jirani anashauri asali kwenye kidonda, na manjano pamoja na kitunguu saumu kwenye chakula. Mimi mwenyewe jioni humchua nyonga kwa dawa ya kuchua, hii tunayotumia sisi wazee, naona anaipenda, hata paka huja kujilaza ubavuni mwake nikiendelea. Na usiku Popi akilia sana, mume wangu humpa nusu kidonge cha diklofenaki, dawa yake ya mgongo, anakificha kwenye kipande cha nyama.

Sipendi dawa za hospitali kwa muda mrefu, nasikia zinaharibu figo. Lakini pia siwezi kuamini kila ninaloambiwa. Nishike lipi? Na nikirudi kwa daktari, nimweleze haya yote? Naogopa ataona nimemdharau.

Mwalimu mstaafu, Uyole


JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Pole kwa kumuuguza Popi. Nitajibu yote uliyouliza, lakini naomba nianze na jambo ambalo umelitaja tu bila kuliuliza. Ile nusu ya diklofenaki isitolewe tena, kuanzia usiku wa leo, hata kama Popi atalia.

Diklofenaki na meloksikamu ni dawa za ukoo mmoja. Zote mbili hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwilini zinazoleta uvimbe, na baadhi ya kemikali hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kuhakikisha damu inafika vizuri kwenye figo. Daktari alipoandika meloksikamu alipiga hesabu kwa uzito wa Popi, akaiweka mara moja kwa siku, akataka na kipimo cha damu ili ajue figo zinabeba mzigo huo vipi. Diklofenaki ikiongezwa juu yake hesabu yote inavurugika. Mbwa haistahimili diklofenaki hata ikiwa peke yake. Inaweza kumchimba vidonda tumboni akatoka damu kwa ndani, na figo zikafeli. Hofu yako kuhusu figo ina msingi, Mwalimu. Lakini kwa haya uliyoniandikia, kinachozitishia zaidi figo za Popi kwa sasa ni hicho kinachofichwa kwenye nyama. Mzee anafanya kwa huruma, najua, na ndiyo maana naomba umweleze kwa upole lakini bila kulegeza.

Kabla hujampa Popi meloksikamu nyingine, mpigie daktari umwambie amekuwa akipewa diklofenaki, kiasi gani, na mara ya mwisho lini. Yeye ndiye atakayesema muda wa kusubiri. Ukiona anatapika, amekataa chakula, choo ni cheusi na kinanata, ufizi umepauka, au anakunywa maji kupita kawaida yake, usingoje kesho. Na ibuprofeni, aspirini na parasetamoli za kabatini zisiwe mbadala wa diklofenaki. Kwa paka wako onyo ni kali zaidi: kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinatosha kumuua, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu.

Huyo paka ndiye ananileta kwenye dawa ya kuchua. Nyingi ya hizi dawa zina kafuri na mentoli, na zipo zenye methili salisileti, ambayo ni ndugu wa aspirini. Mtu akijipaka zinabaki kwenye ngozi. Mbwa hujilamba, na paka anayelala ubavuni mwake atajilamba manyoya yaliyoshika dawa hiyo hiyo. Mafuta ya mkaratusi ni vivyo hivyo. Nayataja kwa sababu huku kwetu, toka Mufindi mpaka Mbeya, mikaratusi imejaa na watu huamini kila kinachotoka kwenye mti huo ni tiba ya kifua na viungo. Kwa mbwa na paka mafuta hayo ni sumu wakiyameza. Muoshe Popi nyonga kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, umkaushe vizuri asipate baridi, na chupa irudi kabatini.

Lakini kuchua usiache. Anachokipenda Popi ni mikono yako, na hapa sikufariji tu: kuchua na mazoezi ya viungo ni tiba ya nyongeza ambayo madaktari wa mifugo wenyewe huiagiza, na huhitaji kununua chochote. Misuli inayozunguka nyonga yenye maumivu hukaza ili kulinda kiungo, na kwa kuwa mbwa anaukwepa mguu huo, misuli inapungua, kiungo kinakosa msaada, maumivu yanazidi. Ukiilegeza misuli na kuirudishia kazi kidogo kidogo unaukata mzunguko huo.

Fanya hivi. Asubuhi, kabla hujamlazimisha kuinuka, chovya taulo dogo kwenye maji ya moto, likamue, ulipime upande wa ndani wa mkono wako. Likikuunguza wewe litamuunguza yeye, tena yeye hawezi kukwambia mapema. Mlaze ubavu, mwekee taulo juu ya paja na nyonga kwa dakika 10 hivi, ukilirudia kwenye maji likipoa. Kisha weka kiganja kizima, si ncha za vidole, anzia kiunoni ushuke kwenye nyama ya paja, ukizungusha polepole. Usibonyeze kwenye mfupa wa nyonga. Angalia masikio na macho yake zaidi ya unavyoangalia mikono yako: akigeuza kichwa ghafla, ngozi ikicheza, akilamba midomo ilhali hakuna chakula, umefika panapouma, rudi nyuma. Misuli ikilegea, shika mguu chini ya goti na kwenye kifundo, uukunje taratibu mpaka pale anapokuruhusu, uunyooshe, mara chache tu, halafu mgeuze ubavu wa pili. Sehemu ikiwa imevimba na ina joto kuliko nyingine, usiweke taulo la moto hapo wala usiichue, mwambie daktari.

Baada ya hapo mtembeze kwa kamba kwenye ardhi ya udongo, dakika 10, polepole. Upolepole ndio dawa yenyewe, kwa sababu mbwa anayekimbia huruka mguu mbovu na kuutumia mzuri, ila akitembea taratibu analazimika kukanyaga kila mguu. Mara mbili au tatu kwa siku kwa muda mfupi ni bora kuliko matembezi marefu ya Jumapili yatakayomlaza Jumatatu nzima.

Sasa unga wa Mwanjelwa. Sina dharau kwa miti shamba. Wazee wa nyanda hizi walijua mti wa utupa unaua kupe wa ng'ombe muda mrefu kabla ya josho la dukani, na hawakukosea: majani yake yana rotenoni, sumu ambayo kwa miaka mingi viwanda viliiuza kama dawa ya wadudu. Wazee hao hao walijua pia kwamba utupa ukiutia mtoni samaki huelea. Yaani walioujua mti walijua faida yake na hatari yake kwa pamoja, na waliweza kuutaja jina. Muuzaji wako amekataa kutaja jina. Hapo tu mimi ningerudisha kopo. Daktari hawezi kukwambia kama unga huo unapatana na meloksikamu au unaongeza hatari ya kutoka damu, kwa sababu hakuna anayejua ni nini.

Lipo na jingine. Katika nchi mbalimbali unga wa aina hii wa "viungo" umepimwa maabara ukakutwa umechanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, hasa steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kama deksamethasoni, au dawa za ukoo wa diklofenaki. Mgonjwa anapata nafuu ya haraka na sifa zinaenda kwa mti. Sisemi unga wako uko hivyo. Nasema mbwa aliye kwenye meloksikamu akipewa steroidi bila daktari kujua, anaweza kutoboka tumbo. Huo ni mzigo mkubwa wa kubeba kwa kuamini maneno ya mtu tu.

Na sharti lake la kuacha dawa za hospitali ndilo linalonikera kuliko yote. Kweli dawa huweza kugombana, ila mtu mwaminifu akijua hilo angekwambia nenda kwa daktari wako na huu unga muuangalie pamoja. Anayekutaka umwache daktari anakuondolea jicho la pekee ambalo lingeona mambo yakiharibika. Ujue pia kwamba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liko chini ya Wizara ya Afya na linawasajili wanaotibu watu. Kutibu wanyama kuna sheria yake, Sheria ya Veterinari ya 2003, na Baraza la Veterinari lake. Cheti cha kutibu watu, hata kama muuzaji anacho, hakimfanyi mganga wa mbwa.

Shemeji wa Mbarali mshukuru kwa kujali, na umwambie hapana. Ng'ombe anayechechemea huenda amejikwaa au ameteguka tu, na angepona mwenyewe kwa kupumzika, sasa chuma kikipita hapo katikati kinachukua sifa. Nyonga ya Popi gegedu, ule mfupa laini unaokinga kiungo, imelika, na gegedu haioti tena kwa kuunguzwa ngozi. Atakachopata ni jeraha la moto juu ya maumivu aliyonayo. Kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima ni kosa pia chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, lakini hata bila sheria hiyo nisingekubali.

Binti yako amekuletea mambo mawili tofauti, tusiyaweke kapu moja. Homiopathi kwanza, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno mpaka karibu hazipo. Chombo kinachowasajili madaktari wa mifugo huko huko Uingereza, Royal College of Veterinary Surgeons, kilitoa tamko Novemba 2017 kwamba tiba hiyo haina ushahidi unaotambulika wala haijasimama kwenye misingi ya sayansi, na kwamba tiba za namna hiyo zikitolewa ziwe nyongeza, zisichukue nafasi ya tiba yenye ushahidi. Vidonge hivyo kwa kawaida ni sukari tupu. Soma tu lebo: ikiwa utamu wake umetokana na zailitoli, kitu kinachotiwa badala ya sukari, usimpe hata kimoja, kwani hiyo hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na kuweza kumuua. Kama ni sukari ya kawaida havitamdhuru, wala sitegemei vitamsaidia.

Sindano za Kichina ni habari nyingine. Wapo madaktari wa mifugo wanaosomea kazi hiyo, na chama chao cha kimataifa kilianzishwa Marekani mwaka 1974. Matokeo ya majaribio kwa mbwa wenye baridi yabisi hayalingani, mengine yanaonyesha nafuu, mengine hayaoni tofauti. Mikononi mwa anayejua madhara ni madogo. Ukisikia yupo daktari aliyesajiliwa anayeifanya karibu nawe, jaribuni, meloksikamu ikiendelea. Ila usimpakie Popi kwenye gari kwenda kuitafuta mbali. Mtu anaweza kukwambia uulize Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, ambako madaktari wetu wengi wamesomea. Hizo ni zaidi ya kilomita 600 za kumrusharusha mbwa mwenye nyonga mbovu, na kona za Kitonga zimo. Kwa faida isiyo na uhakika, hapana.

Jirani yako kapatia nusu. Asali ni dawa ya kweli ya kidonda, hunyonya maji kwenye vijidudu na ina uchachu usiowapendeza. Pata asali halisi ya mfugaji unayemwamini, Chunya hawako mbali na wewe, maana iliyochanganywa na sukari haifai. Osha kidonda cha kiwiko kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, paka asali kiasi, funika kwa shashi na bandeji asilambe, badilisha kila siku. Muonyeshe daktari kidonda hicho kwanza, kwa sababu sugu za kiwiko huweza kuingia usaha kwa ndani, na hapo asali haifiki. Hata hivyo hakitapona mbwa akiendelea kulalia saruji, nitarudi hapo. Kitunguu saumu asipewe kabisa. Saumu na vitunguu maji huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na za paka zaidi. Manjano ya jikoni, kiasi kile kinachobaki kwenye chakula, si tatizo, ila mwili huyanyonya kwa shida sana na ushahidi wake ni hafifu. Manjano ya kijiko kizima au ya vidonge yanaweza kuzidisha hatari ya kutoka damu kwa aliye kwenye meloksikamu. Ningeyaacha.

Kitu ambacho hakuna aliyekutajia ni mafuta ya samaki, nacho ndicho kirutubisho chenye ushahidi mzuri zaidi kwa viungo vya mbwa. Katika majaribio, mbwa waliopewa mafuta hayo kwa wiki kadhaa walitembea vizuri zaidi, na wengine waliweza kupunguziwa dozi ya dawa ya maumivu. Hilo ndilo jibu la hofu yako ya dawa za muda mrefu, Mwalimu: nyongeza nzuri humsaidia daktari kushusha dozi, polepole, yeye mwenyewe akiipima. Muulize kiasi cha kumpa kwa uzito wa Popi, na ukinunua hakikisha ni mafuta ya samaki mzima. Ya ini la samaki yana vitamini A na D nyingi, zikilundikana zinamletea madhara. Usipa wa Kyela, wachemshwe bila chumvi, ni kitoweo kizuri kwake, ila usitegemee watafikia kiasi cha dawa.

Na hapa nafika kwenye lile daktari alilolisema na barua yako ikalipita kwa maneno matatu: apunguzwe unene. Mwaka 2002 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliowafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Waligawanywa wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akawa anapewa chakula robo pungufu ya mwenzake. Nusu ya wale waliopunguziwa walifika miaka 13. Kwa wenzao nusu walifika 11.2. Waliopunguziwa walichelewa pia kuhitaji matibabu ya baridi yabisi. Hakuna unga wala sindano niijuayo yenye matokeo ya namna hiyo.

Mpime leo. Pitisha kiganja ubavuni bila kukandamiza: mbavu zisikike kama unavyoisikia mifupa ya mgongo wa mkono wako ukiupapasa. Ukilazimika kuzitafuta chini ya nyama, amezidi. Ugali wa Popi upungue, hasa ukoko wenye mafuta anaorushiwa usiku, na uji ule wa asubuhi na jioni uliokuwa ukibebea unga uondoke pamoja na unga wenyewe. Mboga zilizochemshwa, karoti au maboga, zinajaza tumbo. Mweke kwenye mizani ya duka la dawa za mifugo au ya daktari kila mwezi, na daktari akupangie apungue kwa kasi gani. Mzee naye aambiwe, maana mwenye nyama ya kufichia kidonge bila shaka ana nyama nyingine.

Sasa malazi. Juni na Julai huko Uyole usiku huwa chini ya nyuzi joto 10, na saruji inanyonya joto la mwili mpaka alfajiri. Mtengenezee kichanja cha mbao kilichoinuka kidogo tu kutoka sakafuni, juu yake gunia lililojazwa majani makavu au maranda, nene kiasi kwamba ukilikandamiza kwa goti husikii mbao. Yabadilishwe yakilowa. Kiweke kona isiyopigwa na upepo. Pale anapoinukia tandika zulia kuukuu au magunia asiteleze, kwani kila anapoteleza anajitegua upya. Ukiyafanya haya tu, kiwiko kitapata nafasi ya kupona, na asubuhi zake nadhani utaziona zimebadilika.

Kuhusu daktari, mweleze kila kitu. Nenda na kopo la unga, karatasi ya diklofenaki, chupa ya dawa ya kuchua na vidonge vya binti, viweke mezani. Daktari mzuri hakasiriki kwa kuambiwa, na anayefanya kazi huku kwetu anajua vizuri watu wanachanganya, kinachomuumiza kichwa ni kutibu asichokijua. Ukiona aibu, anza na hili: "Daktari, kuna vitu nimempa, naomba tuviangalie pamoja." Muulize pia kama Popi anastahili kupimwa magonjwa ya kupe. Yapo yanayouma viungo na kumfanya mbwa atembee kama mzee, na yana dawa zake. Kama kliniki yake haina kipimo, Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo Iringa, na daktari ndiye wa kujua sampuli ipi ya kutuma. Wakati huo huo angalia kama chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na muda, maana katika kuuguza mguu watu huisahau.

Najua pensheni ya ualimu haitoshi kufanya yote kwa mwezi mmoja. Kipimo cha damu kilipiwe kwanza, kisha meloksikamu ikiwa daktari ataruhusu iendelee, kisha mafuta ya samaki. Kichanja mzee anaweza kukigonga mwenyewe kwa mbao zilizopo. Unga usinunuliwe tena.